Puto Lilinitanua Moyo, Maandazi Nusura Yaniponze

Naanza na mama mdogo, maana yeye ndiye aliyenichelewesha mwaka mzima kwenda kutibiwa moyo. "Wakikupasua kifua, Tukuyu hurudi kwa miguu yako." Na mimi nikamsikiliza!

Nauza ndizi. Mkungu niliokuwa naupandisha kilimani nikiimba, nikawa nautua mara tatu njiani. Usiku nalala nimekaa, nimeegemea gunia la maharage. Zahanati moja ikanipa dawa ya pumu, nikapuliza kile kidude miezi minane.

Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, niliyopigwa Mbeya ndiyo iliyosema kweli: valvu ya mitrali, mlango wa damu ndani ya moyo upande wa kushoto, imebana. Tundu lake kwa mtu mzima huwa sentimita za mraba 4 hadi 6. Langu halikufika hata 1. Chanzo ni mafindofindo ya utotoni yaliyozaa homa ya baridi yabisi, nasi nyumbani tulisukutua chumvi tu. Mtoto wako akiumwa koo na homa, mpeleke akapimwe.

Nikapewa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Bima ilibeba sehemu kubwa, ila nauli na kula vilimaliza hela ya mikungu ya msimu.

Huko wakasema valvu yangu itatanuliwa kwa puto, bila kupasua kifua. Kabla ya puto unamezeshwa mpira wenye kipimo, waangalie kama kuna bonge la damu ndani ya moyo, lisije likasukumwa likaenda kwenye ubongo. Niliambiwa nisile kitu. Sasa wifi yangu wa Mbagala akaamka saa kumi usiku kukaanga maandazi. "Wifi, utaendaje hospitali na tumbo tupu? Utaanguka!" Harufu ya iliki ile, jamani. Nikajiambia andazi si chakula.

Nesi akauliza, "Mama, umekula?"
"Sijala, nimekunywa chai tu."
"Chai na nini?"
"...Maandazi."
"Mangapi?"
"Manne."

Nikarudishwa Mbagala na aibu yangu, nikasubiri siku sita. Wifi hadi leo anasema nesi alikuwa mkali.

Puto lenyewe? Ganzi kwenye kinena, waya ukapita kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo, wakatoboa ukuta kuingia kushoto. Puto likajazwa sekunde chache, likaachanisha palipogandana. Nilikuwa macho! Moyo ukaruka kidogo, basi. Kifua hakikuguswa. Alilibuni Mjapani, Kanji Inoue, miaka ya 1980, namwombea heri. Si kila valvu inafaa: iliyokakamaa sana au inayovuja sana ina njia nyingine, kwa hiyo usimbishie daktari kwa sababu yangu.

Usiku ule nililala chali. Chali kabisa!

Kilichobaki ni sindano ya penisilini kila wiki 4, ili ile homa ya baridi yabisi isirudi, nayo inauma kuliko puto. Mbili za mwanzo nilizisahau. Sasa nimeifunga na siku ya kikoba: nachomwa asubuhi, jioni naingia nikichechemea, na hakuna anayethubutu kunikopa.