Mama, chuma cha vitumbua na Zaburi ya 140

Mama yangu anauza vitumbua Mbagala, na mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, bila kutuambia, laki tatu, rejesho kila siku. Akaugua siku nne hakwenda barazani, basi hizo siku nne zikatosha.

Nilifika jioni nikakuta sebule imebaki sakafu tupu. Kochi hakuna, tivii hakuna, mtungi wa gesi hakuna, na chuma cha vitumbua nacho wale wakopeshaji wamebeba. Jamani chuma! Kile cheusi chenye mashimo saba, mpini mmoja umefungwa waya, ukikiuza hata elfu kumi hupati. Hivi ukimchukulia mama chuma chake unataka hilo deni akulipe na nini? Anaetafuta hela yake hachukui chuma, anaechukua chuma anataka kuona mtu analia. Na walimtukana pia, mbele ya wapangaji, vijana ambao mama angeweza kuwazaa.

Yeye nimemkuta amekalia ndoo, Biblia mapajani, anasoma Zaburi ya 140 kwa sauti ndogo, "Ee Bwana, uniokoe na mtu mbaya, unihifadhi na mtu wa jeuri." Nilipandisha hasira nikamwambia mama hawa watu hawasikii maombi. Akanijibu, "Mwanangu, nisipomwambia Mungu saa hizi nimwambie nani?" Nikakosa la kusema, nikakaa chini nikasoma nae.

Sikuwahi kuisoma hiyo Zaburi mpaka mwisho. Daudi anaomba makaa ya moto yawaangukie wale watu, yaani haongei kwa upole hata kidogo, na mimi kifua kilikuwa kimejaa maneno ya hivyo hivyo ila nilikuwa naona aibu kumpelekea Mungu. Usiku ule nilimwambia yote, na kulia nililia.

Kesho yake nikaendelea kumsoma Daudi, 1 Samweli 22, amejificha pango la Adulamu anamkimbia Sauli, na waliomfuata pale wametajwa, wenye dhiki, wenye uchungu, na kila mwenye deni, watu kama mia nne. Mwenye deni! Nilirudia huo mstari mara tatu. Alafu anafanya kitu ambacho sijawahi kukisikia kanisani, anawachukua baba na mama yake anawapeleka Moabu kwa mfalme wa kule wakae salama. Aliomba, na wazazi akawahamisha.

Basi wiki ile ile mama nikamsafirisha kwa mama mdogo Chalinze. Mimi nikaenda na ile karatasi ya mkopo kwa mtendaji wa mtaa, akawaita wale jamaa akawauliza leseni, maana toka sheria ya 2018 mtu wa kukopesha hivyo lazima awe na kibali cha Benki Kuu. Wakaanza kupigiana simu. Leseni haikuonekana mpaka leo.

Chuma kimerudi, tivii na kochi bado. Deni lenyewe tunalilipa taratibu, maana hela mama alikula kweli na hataki kudhulumu mtu.

Saa tatu usiku ananipigia tunasoma ile Zaburi kwenye simu, yeye mstari mimi mstari. Jana kaniambia ameanza kukaanga tena alfajiri, wateja wapo, ila akisikia pikipiki imesimama nje mikono bado inamtetemeka na unga unamwagika. Mnaoomba, mtajeni mama yangu.