Sevu haitoki kifuani

Sevu ni lile pigo la kuanzishia pointi kwenye tenisi, na nikimsikia tena mtu akisema "nyanyua vyuma, sevu itakuja yenyewe", tutagombana. Ushauri huo nilipewa na kila mtu uwanjani, hata wale ambao sevu zao huishia wavuni. Nikalipia jim, nikabenchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, hadi fulana zikabana. Sevu ikazidi kuwa laini! Kifua na mabega yalikaza, raketi haishuki vizuri nyuma ya mgongo.

Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59.4, uzito wa yai la kuku. Hauhitaji kusukumwa, unataka raketi ifike kwa kasi. Na kasi inaanzia magotini, inapita nyonga na kiuno, mkono unamalizia tu. Sawa, Mmarekani John Isner aliyepiga sevu ya kilomita 253 kwa saa kwenye Davis Cup, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa, mwaka 2016, ana urefu wa mita 2.08. Mimi urefu wangu tuuache.

Ili nikifanyie kiuno mazoezi, nilitaka mpira mzito wa kurusha, bei ya dukani ikanikera. Nikatoboa mpira wa kikapu uliochakaa, nikautia mchanga kiasi kwa shingo ya chupa iliyokatwa, nikaupeleka kwa mama muuza viazi.

"Mama, naomba unipimie."

"Nini hiki?"

"Mchanga."

Akanitazama, akamtazama mteja wake, akapima. Kilo tatu kasoro. Kiraka cha baiskeli na gundi, elfu mbili tatu hivi, kazi imekwisha. Naurusha ukutani kwa kiuno, kulia na kushoto, kwa nguvu zote. Ukianza kuurusha polepole, acha, pumzika.

Halafu soksi. Tia mpira wa tenisi ndani ya soksi ndefu, funga fundo, ichape hewani kama unapiga sevu, usikilize. Ikivuma nyuma ya kichwa, nguvu umeimaliza mapema; inatakiwa ivume juu, mbele yako. Mke wangu alidhani nafukuza popo.

Kipima kasi sina. Naweka alama ya chaki pale sevu inapogonga ukuta wa nyuma baada ya kudunda. Zamani ilikuwa kifundoni, sasa inapita kiuno. Usilinganishe mpira mpya na mkuukuu, utajidanganya.

Bega nalo lina kazi ya kuusimamisha mkono baada ya kupiga. Nimefunga tyubu ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha, kiwiko nakibana ubavuni, navuta kwenda nje taratibu kila jioni. Fundi baiskeli alinipa bure, ilikuwa na pancha.