Tulianza na kazi, tukarudi nyuma hadi chuo: nilivyowaongoza wanafunzi wa kidato cha sita kuchagua kozi

Nilipokabidhiwa jukumu la ushauri na unasihi katika shule yetu ya kidato cha tano na sita hapa mkoani Mbeya, nilikuta suala la kuchagua kozi likitengewa siku moja tu kwa mwaka, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Mei. Mgeni alialikwa ukumbini, akazungumza, akapigiwa makofi, na wanafunzi wakarudi mabwenini na majina yaleyale ya vyuo waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) walitaka udaktari, wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) walitaka uhandisi, wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) walitaka sheria, na karibu wote walitaka Dar es Salaam. Siku moja niliwauliza wa HGL mtu aliyehitimu shahada ya sheria anafanya nini siku inayofuata mahafali, na hakuna aliyekuwa na jibu. Hapo nikaamua tupange kazi hiyo upya: tuanze na kazi yenyewe, tutoke kwenye kazi kwenda kwenye kozi, tutoke kwenye kozi kwenda kwenye masomo na alama zinazotakiwa, na jina la chuo litajwe mwisho.

Nilianza mwezi Januari, kila Jumamosi mchana baada ya usafi, kwa karatasi za manila tulizobandika katika ukuta wa maktaba. Kila kundi la wanafunzi lilichagua kazi moja na kutafuta mambo manne: nani huajiri watu wa kazi hiyo, ni bodi au baraza gani huwasajili, ni mafunzo gani hufuata baada ya shahada, na ni mtu gani hapa Mbeya anayeifanya ambaye tunaweza kumwuliza. Ukuta ule ulifundisha zaidi ya hotuba yoyote. Kundi la sheria liligundua kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili, kwa sababu ni lazima apite katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na kufaulu mitihani yake kabla ya kuapishwa. Kundi la udaktari liliandika miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Kundi la uhandisi lilikuta kwamba mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kuwa mhandisi kamili, na kundi la uhasibu likakutana na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kijana mmoja wa HGL aliyekuwa amekwisha kujiita "Mheshimiwa Wakili" bwenini alisimama mbele ya manila yake kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, nikimaliza chuo nitaanza chuo kingine?" Nilimjibu ndiyo, na kwamba ni heri alijue hilo akiwa hapa kuliko kulijua akiwa na deni la mkopo. Hakubadilisha nia yake, nami sikutaka aibadilishe; nilitaka tu awe anajua urefu wa njia.

Swali la nne, la mtu wa karibu, ndilo lililotutoa nje ya shule. Nyanda za Juu Kusini zina kazi nyingi ambazo wanafunzi huzipita kila siku bila kuzihesabu kuwa kazi za wasomi. Kuna watafiti wa mbegu katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Uyole, kuna mafundi na wahandisi wa reli ya TAZARA, kuna wataalamu wa maabara katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kuna wapasuaji mbao na maofisa misitu wa Sao Hill kule Mufindi, kuna chai na maziwa ya Rungwe, parachichi za Njombe na kahawa ya Mbozi. Sikuwa na bajeti ya basi la kukodi, kwa hiyo tulikwenda kwa makundi madogo, mara nyingi kwa daladala, na barua ya mkuu wa shule mkononi. Mahali pengine tulipokewa vizuri, pengine tulisubirishwa getini hadi tukarudi, na hilo nalo nililihesabu kuwa somo.

Ziara iliyozaa matunda kuliko zote ilikuwa ya kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Rungwe. Wafugaji walikuwa wamepanga foleni na madumu yao tangu alfajiri. Mpimaji alikuwa akitumbukiza laktomita ili kujua kama maziwa yameongezwa maji, kisha akachota maziwa kidogo katika kibomba cha kioo, akachanganya na alkoholi ya kiasi kilekile, akatikisa na kuyatazama kwenye mwanga. Dumu moja lilitoa chembechembe zilizoganda. Mpimaji akalisukuma pembeni na mwenye dumu akaanza kulalamika kwamba ng'ombe amekamuliwa asubuhi hiyohiyo. Binti mmoja wa PCB, ambaye baba yake ni mfugaji katika wilaya hiyo, alimwuliza mpimaji kwa nini alkoholi igandishe maziwa haya na isigandishe yale. Wakaanza kuzungumza juu ya protini na tindikali inayoongezeka bakteria wanapozaliana, mambo ambayo yeye alikuwa ameyasoma darasani kwangu na kwa wenzangu bila kuonesha kwamba yanamgusa. Katika njia ya kurudi aliniuliza kozi ya kazi ile inaitwaje. Nilimwonesha katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha sayansi na teknolojia ya chakula.

Mwongozo huo wa TCU hutolewa kila mwaka na unapatikana bure katika tovuti ya Tume, lakini niligundua kwamba wanafunzi wengi hawajawahi kuusoma, na walioujua waliusoma kama orodha ya majina ya vyuo. Kilichowachanganya zaidi ni pointi. Baraza la Mitihani huhesabu daraja kwa pointi ndogo kuwa ndiyo bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5 na S ni 6. TCU huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na sharti la jumla ni alama kuu (yaani A hadi E) mbili zenye jumla isiyopungua pointi 4.0 katika masomo mawili yanayotambuliwa na kozi husika. Niliandika ubaoni wanafunzi wawili wa kubuni, wote wakiwa na daraja la tatu la pointi 14. Wa kwanza ana D, D na S. Wa pili ana D, E na E. Nikawauliza nani anastahili kuomba shahada. Wengi walisema wote, kwa kuwa daraja ni moja. Tulipohesabu kwa namna ya TCU, wa kwanza alipata pointi 4 katika masomo yake mawili bora, wa pili akapata 3 na kubaki nje, ingawa yeye ndiye aliyepata alama kuu katika masomo yote matatu. Nadhani nusu ya faida ya mwaka ule ilipatikana ubaoni siku hiyo, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyekuja tena kuniuliza "daraja la tatu linaingia chuo gani". Waliniuliza kuhusu alama ya kemia, au ya jiografia, na kozi fulani.

Niliongeza tahadhari moja. Sifa ya chini iliyoandikwa katika mwongozo inampa mwombaji ruhusa ya kushindana na haimhakikishii nafasi, na katika kozi kama udaktari wa binadamu waombaji wenye alama za juu ni wengi kuliko viti. Kwa hiyo kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na kozi ya ndoto yake, kozi ambayo alama zake za mtihani wa majaribio zinaifikia bila wasiwasi, na kozi ya tatu ambayo angeisoma kwa moyo mmoja hata kama zile mbili zingeshindikana.

Kwa wazazi nilihitaji uvumilivu zaidi. Baba wa yule binti wa Rungwe alikuja kwenye kikao cha wazazi amevaa koti lake la kanisani, na nilipomwamkia na kumkaribisha kiti akaniambia moja kwa moja, "Mwalimu, nimeuza ndama wawili ili huyu awe daktari. Sasa nasikia mnamfundisha upishi." Sikutaka kubishana naye mbele ya mtoto. Nilimwomba binti mwenyewe amweleze baba yake kwa nini maziwa yao hukataliwa kituoni wakati wa joto. Alieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila neno moja la kitabuni: jinsi dumu la plastiki lenye mikwaruzo linavyoficha uchafu, na jinsi saa mbili za kusubiri juani zinavyotosha kuharibu kazi ya alfajiri yote. Mzee alisikiliza, akauliza maswali, kisha akauliza swali la mzazi: "Na huyo anaajiriwa na nani?" Nilimtajia viwanda vya kusindika vyakula, na Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Nilimwambia pia wazi kwamba ajira hazisubiri mlangoni, na kwamba wapo wahitimu wa kila kozi wanaozunguka na bahasha. Tulikubaliana kwamba binti aombe udaktari kama baba anavyotaka na aombe pia Sokoine. Matokeo yalipotoka mwezi Julai alikuwa na C mbili na D moja, na Sokoine ndiko alikochaguliwa. Baba yake hadi leo huwaambia majirani kwamba binti yake ni daktari wa maziwa, nami sijaona sababu ya kumsahihisha.

Upande wa nyaraka hauna mvuto, lakini ndio unaowaangusha wengi. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa waliofiwa, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vilevile. Tulikagua majina mapema, na tulikuta vijana ambao cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja na cheti cha kidato cha nne kinasema jingine, au herufi moja imekosewa, au jina la babu limeingia mahali pa jina la baba. Kurekebisha jambo hilo kunahitaji muda, kiapo na nauli, na mwezi Agosti hauna nafasi ya hayo. Ugumu unaongezwa na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ambayo huwaweka vijana makambini wakati dirisha la udahili limefunguliwa na simu hawana. Ndiyo maana tulihakikisha kwamba kila mwanafunzi anaondoka shuleni na bahasha yenye nakala za vyeti na karatasi moja yenye kozi zake tatu alizozichagua, na kwamba mzazi au ndugu mmoja anaijua karatasi hiyo.

Karatasi hiyo iliwakinga pia na steshenari. Vijana wa steshenari hutusaidia sana kujaza fomu mtandaoni, lakini mwaka uliotangulia mmoja wao hapa mjini alimchagulia mwanafunzi wetu kozi kwa kuangalia ipi ina nafasi nyingi, akabaki na nywila yake, na mwanafunzi alipotaka kubadilisha hakumpata. Sasa tunasisitiza kwamba mwombaji au ndugu yake akae pembeni ya kompyuta, atumie namba yake ya simu, na aandike nywila yake mwenyewe. Vilevile, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja ajue kwamba ni lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya muda uliowekwa.

Kuhusu mkopo wenyewe, niliwaeleza kwamba bumu, yaani fedha ya mkopo wanayopewa chuoni, ni fedha ya kurejeshwa, na kwamba mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Baadhi walishangaa. Tulitumia pia vipindi kadhaa kuandika barua za kuomba nafasi ya fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) na kufanya usaili wa majaribio, mwalimu mwenzangu akijifanya mwajiri mkali, maana huko mbele Sekretarieti ya Ajira huanza kwa mtihani wa kuandika kabla ya mahojiano ya ana kwa ana, na asiyezoea kujieleza hupotea mapema.

Wapo ambao pointi zao hazikufika, na hao sikuwaacha waondoke wakidhani mlango umefungwa. Stashahada zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, zinapokea kwa vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na mhitimu wa stashahada mwenye wastani wa GPA usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi. Mmoja wa vijana wangu wa PCB alichagua kusoma utabibu kwa njia hiyo.

Kinachonishughulisha sasa ni kidato cha nne. Wengi wa wanafunzi wanaofika kwetu mwezi Julai wakiwa na tahasusi (mchanganyiko wa masomo) isiyolingana na kazi wanayoitaka walijaza fomu zao wakiwa katika shule za kata ambako hakuna aliyewaeleza, na nafasi ya kubadilisha ni finyu, hutegemea viti vilivyobaki katika wiki za mwanzo za kidato cha tano. Nimekubaliana na walimu wa shule mbili za jirani tupeleke zile manila kwao mwezi wa tisa, na safari hii wanafunzi wangu wa kidato cha sita ndio watakaosimama mbele kueleza.