Wikiendi imeniishia Australia 😂
Jamani sina hali, jmosi saa nne asubuhi tumekaa kibarazani kwa mshkaji huku Kirumba, Mwanza, tucheze Risk, ule mchezo wa ubaoni wa kutekana nchi kwenye ramani ya dunia, nikajua mpaka mchana tushamaliza niwahi kufua, wapi, tumenyanyuka saa tatu usiku na jpili tukarudi kuendelea tulipoachia!! Mi mjanja nikajibanza zangu Australia, nchi 4 tu, mlango mmoja pale Siam (Thailand ya zamani), kila zamu unapewa askari 2 wa bure. Jamaa mmoja kang'ang'ania Asia kisa inalipa askari 7, sasa nchi 12 utazilinda saa ngapi, kila anayepita anamdokoa.

Jpili mchana ukaja ule upepo wa ziwani, ubao ukainuka puu, majeshi yote kwenye sahani ya dagaa. Ugomvi wake sasa, "hapa nilikuwa na 9", "9 za wapi, ulikuwa na 4 wewe!" Bahati kuna dada alishapiga picha kabla ya chai, tukapanga upya huku askari wananukia pilipili.

Na huyo huyo dada, kimyaaa hasemi kitu, akanifuata mpaka Siam, dadu zake 6 tu 6 tu. Nguo bado ziko kwenye beseni.