Noti za Juu Zinazobaki Zikilia

Mwenye piano alitaka nizitie noti zote za juu dampa, yaani vipande vinavyozima mlio wa nyuzi. Kila alipopiga noti fupi upande wa kulia na kuinua kidole, sauti ilibaki ikilia, naye akaamini kuna vipande vilivyopotea piano ilipohamishwa. Ilikuwa piano ya kusimama, yenye vibonyezo 88. Tulipotoa ubao wa mbele jibu lilikuwa wazi: dampa ya mwisho ilikuwa kwenye F, kibonyezo cha 69, na zile noti 19 zilizofuata hazikuwa nayo. Hapakuwa na tundu wala alama ya kitu kilichong'olewa. Iliundwa hivyo, kama piano karibu zote, ingawa mahali dampa zinapokomea hutofautiana kidogo.

Dampa ni kipande cha mbao chenye felti (kitambaa kinene cha sufu), kinachogandamiza nyuzi. Ukibonyeza, kinaachia, ukiinua kidole, kinarudi na kuua mtetemo. Nyuzi za besi ni ndefu na nzito, zinaweza kulia kwa sekunde nyingi, kwa hiyo bila dampa muziki wote ungevurugika. Uzi wa C ya mwisho una urefu wa sentimeta 5 hivi na hutetemeka mara 4,186 kwa sekunde. Nguvu inayoingia humo ni ndogo, na inatoka upesi kupitia daraja, yaani mbao ambayo nyuzi zimeegemea, kwenda kwenye ubao wa sauti. Kabla dampa haijafanya kazi ya maana, noti imeshakufa yenyewe. Nafasi nayo ni finyu: kwenye uzi mfupi hivyo nyundo inayoupiga inahitaji mahali pake, na felti ingebanana nayo.

Hayo mwenye piano aliyakubali. Lililombadilisha msimamo ni jaribio la pili, na kwangu hilo ndilo lenye uzito zaidi. Tulipiga C yenye mitetemo 523 kwa nguvu, fupi, na kuachia. Dampa yake ilishuka, lakini juu kulibaki mlio mwembamba. Ndani ya C hiyo mna mitetemo mingine, mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi: wa tatu unakaribia 1,568, yaani G ya juu, wa nne ni 2,093, yaani C iliyo oktava mbili juu. Nyuzi za noti hizo mbili hazina dampa, kwa hiyo ziliitikia bila kuguswa na nyundo. Kisha tukalaza ukanda wa felti juu ya nyuzi za noti zote 19 zisizo na dampa, tukapiga tena kwa nguvu ileile. Sauti ilikuwa kavu, imekatika ghafla. Yeye mwenyewe aliomba ukanda utolewe. Mng'ao wa piano nzima, hata ukicheza katikati tu, unategemea sehemu hiyo iliyoachwa huru.

Hata hivyo sikio lake halikumdanganya kabisa. Chini ya mpaka ule, D ya kibonyezo cha 66 ilikuwa inalia kupita kiasi, na hiyo ina dampa. Ikiwa noti nyingi zenye dampa zinalia pamoja, tazama kwanza pedali ya kulia: lazima iwe na ulegevu wa milimeta chache kabla haijaanza kuinua dampa. Hapa ilikuwa noti moja, kwa hiyo tukagusa nyuzi zake tatu mmoja mmoja kwa ukucha, kibonyezo kikiwa kimetulia. Mbili zilitoa sauti butu; wa tatu uliimba. Waya wa dampa ulikuwa umepinda, felti ikaegemea upande mmoja. Tuliunyoosha kidogo kidogo, tukijaribu kila mara, maana ukizidisha unaachia uzi wa upande wa pili. Kisha tukahakikisha kwa pedali kwamba dampa hiyo inainuka sambamba na jirani zake, wala haitangulii.

Dampa mpya hazikuongezwa.