Mkono wa kushoto wa Bonham

Kiongozi wetu wa bendi ni mtu wa maneno machache. Tulipomaliza kujaribu "Fool in the Rain" kwa mara ya tatu, aliweka gitaa chini, akaniangalia, akasema: "Kijana, ngoma zako zinagonga, lakini hazitembei." Nilijua amesema kweli. Kila pigo nilikuwa nimeliweka mahali pake, hesabu ilikuwa sawasawa, na bado wimbo ulikuwa umekaa kitako.

Bendi yetu hupiga Ijumaa na Jumamosi katika hoteli moja ufukweni Bamburi, Mombasa. Wageni wengi ni watu wazima waliokulia kwenye roki ya miaka ya 70, na wimbo huu wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, wanaujua kuliko sisi tunaoupiga. Ukiukosea hawasemi kitu. Wanarudi tu kwenye mazungumzo yao, na hilo huniuma kuliko kuzomewa.

Basi nikarudi nyumbani Kisauni nikaanza kuusikiliza wimbo upya. Umo kwenye albamu waliyoirekodi mwishoni mwa 1978 katika studio za Polar mjini Stockholm, ikatoka 1979. Septemba 1980 mpiga dramu wao, John Bonham, akafariki akiwa na miaka 32 tu. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara nyingi mno, na kwenye ngoma nilisikia vitu vitatu: haihati, yaani yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu, ikitikisika juu, pigo moja kubwa la snea, ile ngoma fupi iliyo mbele ya mpigaji, na besi dramu chini, ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Vitu vitatu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivipiga. Kumbe kulikuwa na cha nne.

Rafiki yangu anayefanya kazi ya kurekodi nyimbo za injili alinitumia faili kwenye simu: ngoma pekee za wimbo huo, bila gitaa, bila piano, bila sauti ya mtu. Nilizisikiliza mara moja mchana, nikaona ni zilezile, nikaziacha. Wiki mbili baadaye, usiku, nilikuwa nimelala na hedifoni masikioni, faili ile ikicheza tena, umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Friji ya jirani nayo ikanyamaza. Simu iliendelea kupiga, na ndani ya kimya kile nikasikia kitu ambacho feni ilikuwa ikinificha siku zote. Kati ya pigo na pigo kulikuwa na vumbi la sauti. Tk. Tk. Kijiti kinagusa ngozi ya snea kama mtu anayebisha mlango akijua mtoto amelala ndani.

Niliketi kitandani gizani nikarudia sekunde ishirini zilezile mpaka chaji ikakaribia kuisha.

Asubuhi nilichukua daftari la hesabu, lile la visanduku, nikachora visanduku 12 kwa mstari mmoja. Kumi na viwili kwa sababu mdundo huu unakwenda mapigo manne, na kila pigo limegawika mara tatu. Kisha nikapunguza mwendo wa faili hadi nusu, kwa programu isiyoifanya sauti kuwa nzito, nikawa natia alama: msalaba kwa pigo kubwa, nukta kwa pigo dogo. Mkono wa kulia, ule wa haihati, uligusa cha 1 na cha 3, cha 4 na cha 6, cha 7 na cha 9, cha 10 na cha 12. Yaani katika kila tatu unaruka kile cha katikati. Na visanduku vinavyorukwa, cha 2, cha 5, cha 8 na cha 11, ndiko unakoishi mkono wa kushoto na yale mapigo madogo. Mimi nayaita mapigo ya mnong'ono. Pigo kubwa la snea ni moja tu, kwenye kisanduku cha 7. Hiyo ndiyo mifupa. Bonham anaivika nyama kwa namna yake: haajazi kila kisanduku kila mara, na katika kila mzunguko haihati inafunguka kidogo, inatoa pumzi, halafu mguu unaifumba.

Tazama sasa cha 7 na cha 8. Mkono wa kushoto unashuka na pigo kubwa kuliko yote, na papo hapo, kisanduku kinachofuata, mkono uleule unatakiwa kunong'ona. Hapo ndipo nilipokuwa nikianguka. Mkono uliokwisha kupanda juu haukubali kushuka haraka hivyo, kwa hiyo ama cha 8 kilitoka na kelele, ama nilikiacha kabisa. Nilikuwa nimekiacha miaka yote bila kujua kwamba kipo.

Mdundo wenyewe si wa Bonham peke yake. Bernard Purdie, mpiga dramu Mmarekani, ndiye aliyeufanya ukajulikana kwa jina lake, na ukitaka kumsikia nenda "Home at Last" ya bendi ya Steely Dan, ya 1977. Jeff Porcaro, mpiga dramu wa bendi ya Toto, alipotengeneza mdundo wa "Rosanna", iliyotoka 1982, alieleza mwenyewe wazi kwamba alichukua kwa Purdie na kwa Bonham wa "Fool in the Rain", akaweka chini yake, kwa besi dramu, mdundo wa aina ya Bo Diddley, mpiga gitaa wa zamani wa Marekani. Nilipenda sana kujua hivyo. Mtu wa kiwango chake, na anawataja waliomfundisha kwa majina.

Niseme jambo kuhusu faili zenyewe, kwa sababu nilipoteza muda mwingi hapa. Ngoma pekee zinazozunguka mtandaoni ni za aina mbili, na hazilingani. Aina ya kwanza imetoka kwenye tepu za studio. Studio za miaka ya 70 zilikuwa na tepu pana ya traki 16 au 24, kila chombo na mstari wake, kwa hiyo mtu akiinua mistari ya dramu tu, unapata dramu tu. Nyingine za aina hii zilivuja kutoka kwenye michezo ya kompyuta kama Rock Band, ya 2007, ambayo ilihitaji kila chombo kitenganishwe ili mchezaji akikosea chombo chake kinyamaze. Utazitambua kwa urahisi: hazijawa pekee kabisa. Kwa mbali unasikia gitaa limepenya kwenye maikrofoni za dramu, wakati mwingine na mtu akihesabu.

Aina ya pili ni kazi ya programu. Unaipa wimbo uliokwisha kuchanganywa, nayo inakisia lipi ni ngoma na lipi ni sauti ya mtu. Spleeter ya kampuni ya Deezer ilitolewa 2019 bila malipo, na baada yake zimekuja bora zaidi. Ni kazi ya kustaajabisha, na kwa rekodi za zamani sana hakuna njia nyingine; Beatles kwa miaka mingi walirekodi kwa traki nne, ngoma zikibanwa pamoja na vyombo vingine kwenye traki moja, ndiyo maana toleo jipya la albamu yao "Revolver" la 2022 lilihitaji mashine iliyofundishwa kutenganisha. Lakini kwa mtu anayetafuta mnong'ono, programu ya simu itakuangusha. Matoazi yanatoka kama yamepigwa chini ya maji, na pigo dogo lililofunikwa na gitaa linafutwa pamoja na gitaa lenyewe. Wimbo mmoja niliutenganisha mwenyewe kwa programu, nikajifunza kwa siku sita, kisha nikapata ya tepu. Nusu ya nukta zangu zilikuwa hazipo mahali pake. Nilirarua ukurasa ule.

Nikishapata za tepu, siwezi kuziacha. Sikiliza "When the Levee Breaks", 1971: dramu ziliwekwa ukumbini mwa nyumba kongwe ya Headley Grange, huko Hampshire Uingereza, na fundi Andy Johns akatundika maikrofoni mbili juu kwenye ngazi. Hakuna iliyosogezwa karibu na ngoma. Ngoma zikiwa peke yake unaisikia nyumba nzima, unasikia sauti ikipanda ngazi. Sikiliza "Since I've Been Loving You" ya 1970: pedali ya besi dramu inalia kama mlango usiotiwa mafuta, wimbo mzima, na wakaiacha. Zamani ningeona ni aibu. Siku hizi nikisikia kile kilio najua mguu wake uko wapi kila sekunde. Na hakuna metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo. Mwendo unapanda kidogo wimbo unapopata joto, unashuka unapopumua. Mimi niliyefunzwa kufuata mashine ilinichukua muda kukubali kwamba hilo ni uzuri.

Kusikia ni kitu kimoja, mkono ni kitu kingine. Mwezi wa kwanza nilishindwa kabisa.

Aliyenifungulia njia ni mjomba wangu. Yeye kwa miaka zaidi ya thelathini amepiga chapuo, ngoma ndogo, kwenye chakacha, mchezo wa arusi za huku pwani, na roki haijui wala haitaki. Nilimkuta barazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hicho ulichovaa masikioni chasema nini?"

Nikamvisha hedifoni. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikigonga kwenye goti, na baada ya muda mfupi kidole hicho kikaanza kujibu kile anachosikia. Kilikuwa kikigonga kwenye visanduku vya katikati. Cha 2, cha 5, cha 8, cha 11. Hakuna aliyemwambia.

"Huyu ajua kazi," akasema. "Mkono mmoja wazungumza na watu, mkono mmoja wazungumza na nafsi yake. Wewe mikono yako yote miwili yazungumza na watu."

Chakacha ni tatu-tatu, wala sikupata kulifikiria hilo. Ngoma za msondo na vumi zinasema maneno makubwa, chapuo inajaza katikati, na mchezaji kiuno chake kinafuata ile chapuo. Nilikuwa nimelala mapajani mwa mama kwenye arusi hizo kabla sijajua kusema. Mjomba akaniambia niache vijiti, nipige kwa vidole, kwenye goti, huku nikiimba pigo kubwa kwa mdomo. Ukilisema kwa mdomo, mkono hauna haja ya kulipigia kelele. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya hapo nilitandika leso ya mama, imekunjwa mara nne, juu ya snea. Leso inameza sauti, kwa hiyo mkono haupati zawadi kwa kupiga kwa nguvu. Kanuni yangu ilikuwa moja: katika mnong'ono ncha ya kijiti isipande zaidi ya vidole viwili juu ya ngozi, na kiinuliwe kwa vidole, si kwa kifundo cha mkono. Kwa ule ugumu wa cha 7 na cha 8 nilipata dawa kwa kukitazama kijiti badala ya kusikiliza: baada ya pigo kubwa nilikizuia palepale chini, kisirudi juu, kikawa tayari kiko mahali pa kunong'ona. Nilianza polepole sana, mapigo 50 kwa dakika, nikipandisha kidogo kidogo kila wiki. Ilinichukua miezi minne. Mkunjo wa leso pale katikati umechakaa, na mama ameniachia iwe yangu.

Jumamosi moja ya Agosti nikamwambia kiongozi tuupige tena. Hakuuliza kitu, alihesabu tu. Katika mzunguko wa nne hivi mpiga besi, ambaye husimama mbele akinipa mgongo miaka yote, akageuka, akabaki amegeukia kwangu mpaka tulipoingia kwenye ile samba ya katikati yenye filimbi. Kwenye meza ya karibu mzee mmoja Mwingereza aliweka glasi chini na mabega yake yakaanza kwenda. Alikuwa anafuata visanduku vya katikati.

Tuliposhuka jukwaani kiongozi alinipa chupa ya maji, akasema, "Leo zimetembea."

Nimeanza "Rosanna" wiki hii. Mkono unaiweza. Mguu ndio unaokataa, na faili niliyo nayo ni ya programu, kwa hiyo besi dramu inapotea kila gitaa la besi linapoingia. Mwenye ile ya tepu naomba anitumie.