Kozi ya dimenshia, waanze nayo walio mbali

Familia nyingi ninazozijua hapa Tanga, mgonjwa wa dimenshia, maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na fikra, ana mtu mmoja tu wa kumuuguza. Wengine hutuma pesa na kupiga simu. Kwetu mgonjwa ni mama, mtu huyo ni mimi, na mama mdogo hunishikia zamu mchana nikienda dukani.

Shirika la Afya Duniani lina programu ya bure kwenye intaneti, iSupport, iliyotolewa mwaka 2019 kwa ajili yetu tunaouguza nyumbani. Ina masomo 23. Kumi kati yake ni ya mabadiliko ya tabia: kuuliza jambo lile lile, kukosa usingizi, kutoka na kupotea, kudhani ameibiwa. Unapewa kisa kifupi, unaulizwa ungefanyaje, kisha unaelezwa kwa nini jibu hili linamtuliza mgonjwa na lile linamvuruga.

Nilisoma usiku, mama akishalala. Ikifika magharibi yeye hufunga kanga zake kifurushi, anataka arudishwe kwao Pangani. Kumbe yuko kwake, Chumbageni hapa hapa Tanga, nyumba aliyojenga na marehemu baba. Sasa simbishii. Namwambia, “Haya mama, hebu nihadithie kwanza habari za Pangani,” tunakaa barazani, ananitajia minazi ya babu na majirani waliokwisha kufa zamani. Siku nyingine kifurushi anakisahau. Siku nyingine hasahau, tunatoka tunazunguka mtaa mpaka achoke.

Lakini somo lililobadilisha nyumba yetu hasa ni lile alilosoma kaka yangu aliyeko Muscat. Zamani akipiga simu ya video alianza na mtihani: “Mama, mimi nani? Nitaje jina!” Hakuwa na ubaya, alikuwa anatafuta uhakika kwamba bado yumo moyoni mwa mama. Mama alikuwa akinitazama kwa hofu, na usiku ule hakuna anayelala. Nilimtumia kiungo, nikamwomba asome sehemu ya mawasiliano. Siku hizi anaanza hivi: “Shikamoo mama, ni mimi mwanao wa pili, nipo Muscat.” Mama anaitikia marahaba, anamwombea dua, wanaongea vizuri kabisa.

Ndiyo maana nasema kozi hizi waanze nazo walio mbali. Shirika hilo linakadiria kwamba anayeuguza hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia mgonjwa, na asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Mtu huyo ndiye mwenye muda mdogo kuliko wote wa kukaa mbele ya simu. Aliye Dar au Muscat anaweza kusoma akiwa kwenye basi, na akielewa, hatauliza tena kwa nini mama amekonda au kwa nini pesa za pampasi zimeisha.

Mama mdogo hasomi Kiingereza, nami niliisoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo namrekodia ujumbe wa sauti, somo moja moja, kwa maneno yetu. Anausikiliza akipepeta mchele, kisha ananirudishia maswali mazito kuliko yale ya kwenye kozi. La juzi lilikuwa: mama akimwita kwa jina la bibi yetu aliyefariki, aitike? Nilimwambia aitike.

Dada yetu wa Arusha bado hajaifungua. Jumapili nitampigia tusome pamoja somo la kwanza.